Kijana wa PCM Tabora anataka utafiti wa tando za sumaku, aanzie wapi?

Mwl_Isevya
Wakuu, nafundisha fizikia Tabora mjini. Kuna kijana wa kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia, hisabati), amekazania zile tando za sumaku, yaani tabaka nyembamba mno za metali zinazotunza data kwenye diski ngumu. Fani hii bado ina uhai wakati kila laptop inahamia SSD, zinazotunza data kwa chipu bila sumaku? Na hapa shuleni nimwonyeshe nini? Tuna diski mbovu tatu tu na multimita.

Nanomita
Mwalimu, ipo hai. SSD zimechukua laptop, lakini maghala makubwa ya data bado yanajaza diski kwa sababu ya bei ya kila terabaiti.

Mpe hesabu hii, iko ndani ya uwezo wake. Kila biti imekaa kwenye chembe chache za aloi ya kobalti. Muda wa chembe kushika mwelekeo wake ni takriban sekunde 10⁻⁹ mara e kwa kipeo cha KV/kT: K ni ugumu wa metali kugeuzwa sumaku yake, V ni ujazo wa chembe, kT ni nishati ya joto. KV/kT ikiwa 60, unapata miaka bilioni kadhaa. Sasa punguza kipenyo cha chembe nusu, kimo kibaki kilekile: ujazo unakuwa robo, kipeo kinashuka hadi 15, na data inadumu milisekunde tatu hivi! Huo ndio ukuta wa fani nzima. Ukitumia metali yenye K kubwa kama chuma-platini, chembe ndogo inatulia, ila kichwa cha kuandikia hakina nguvu ya kuigeuza. Ndiyo maana siku hizi kuna diski zinazopasha doa dogo kwa leza wakati wa kuandika. Seagate walifikisha terabaiti 30 kwa njia hiyo mwaka 2024.

Kuhusu njia ya kazi, aangalie walivyofanya wenyewe. Mwaka 1988 Albert Fert kule Ufaransa na Peter Grünberg kule Ujerumani waliona ukinzani wa tando za chuma na kromi ukishuka sana zikiwekwa kwenye uga wa sumaku. Nobeli ikaja 2007. Lakini walizikuza tando zao kwa mashine ya polepole na ghali. Stuart Parkin wa IBM akaonyesha kwamba hata sputaringi ya kawaida (njia ya haraka ya kupaka metali) inatosha, na 1997 teknolojia hiyo ikaingia kwenye vichwa vya kusomea vya diski sokoni. Kwa maoni yangu Parkin ndiye wa kuigwa.

Argoni_tupu
Naongezea upande wa mashine, maana watu wengi hudhani kazi hii ni sumaku kumbe robo tatu ni ombwe, yaani kuondoa hewa kwenye chemba.

Kwenye sputaringi, ioni za argoni zinagonga bamba la metali, atomi zinaruka na kutua kwenye kipande cha silikoni. Kabla ya kuingiza argoni (militorr 3 hivi), shusha shinikizo la chemba hadi 10⁻⁸ torr. Sababu: kwenye 10⁻⁶ torr, gesi iliyobaki inaweza kufunika uso mzima kwa sekunde moja. Chukua utando wa shaba unaotenganisha tando mbili za sumaku: nanomita 2 kwa kasi ya nanomita 0.1 kwa sekunde inachukua sekunde 20, kwa hiyo utakuwa umepanga shaba na uchafu pamoja. Adui mkubwa ni mvuke wa maji kwenye kuta. Pasha chemba moto ukiwa unavuta.

Shaba ikiwa nyembamba mno inatoboka, tando mbili za sumaku zinashikana na kugeuka pamoja, badiliko la ukinzani linapotea. Ikiwa nene mno, umeme unapita humo humo tu. Halafu lile bamba linalogongwa, likiwa la chuma au nikeli, liwe jembamba, milimita 1 au 2. Likiwa nene linameza uga wa sumaku zilizo chini yake na plazma (ile gesi ya ioni) haiwaki.

Upimaji ni kwa ncha nne: mbili za mkondo, mbili za volti. Ukitumia mbili tu, ukinzani wa miguso unafunika unachokitafuta.

Fundi_Kanyenye
Mwalimu, diski zako hizo: bisibisi ya nyota T8 kwa kubwa, T6 au T5 kwa za laptop. Kuna skrubu imejificha chini ya lebo. Sumaku usizibandue kwa kuvuta, ziteleze pembeni, na vidole mbali. Sahani za laptop mara nyingi ni kioo, msizikunje, zinapasuka vipande vipande usoni.

Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye koili ya mkono unaobeba vichwa, kabla hujatoa sumaku, kwa sekunde moja tu. Mkono unaruka, geuza nyaya, unarudi.

Mwl_Isevya
Asanteni sana. Na chuo?

Argoni_tupu
Shahada ya fizikia, akazie fizikia ya mango na Python, lugha ya kuandikia programu. Idara ya Fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana utafiti wa tando nyembamba za nishati ya jua. Si za sumaku, lakini ombwe ni lile lile. Akifika kuomba uzamili nje, aulize maabara swali moja kabla ya mengine: mwanafunzi anaendesha mashine mwenyewe, au anapelekewa sampuli zilizokwisha tengenezwa?

Nanomita
Na awaulize nani anaitengeneza pampu ikifa.