Vikapu vya ukili mtandaoni: tubaki Instagram na WhatsApp, tufungue tovuti, tuingie Etsy au tuuze jumla?

ShupatuDar (mwanzisha mada)
Salaam wakuu. Naomba ulinganisho wenye hesabu. Duka linauza vikapu vya ukili, yaani mikanda ya ukindu iliyosukwa, vina mishikio ya ngozi na bitana ya kitenge. Ofisi iko Dar, wasusi sita wako Bagamoyo. Tunauzia Instagram na WhatsApp, oda 28 hadi 32 kwa mwezi, na haziongezeki. Bei ni 45,000. Njia tunazozifikiria ni nne: kubaki hapa hapa na kulipia matangazo, kufungua tovuti yetu, kuingia Etsy (soko la mtandaoni la kazi za mikono) kwa wateja wa nje, au kuuza jumla kwa maduka ya zawadi ya Zanzibar na Arusha. Mtaji wa kuongeza haufiki milioni mbili. Tuanze na ipi?

HesabuKwanza
Mkuu, kabla ya njia yoyote weka hapa mambo mawili: gharama ya kikapu kimoja mpaka kinafungwa, na msusi mmoja anatoa vingapi kwa mwezi.

ShupatuDar
Ukindu, rangi na uzi 9,000. Kusuka na kushona 14,000. Ngozi na bitana 7,000. Fungashio 2,000. Kila msusi anatoa vikapu sita kwa mwezi, wakati mwingine vitano.

HesabuKwanza
Basi jibu umeshalitoa mwenyewe. Wasusi sita mara vikapu sita ni 36. Unauza mpaka 32. Hata ukipata njia bora kuliko zote, una vikapu vinne tu vya kuongeza. Ukilipia matangazo leo, wiki ya tatu utakuwa unawaambia watu "subiri wiki mbili", na hela ya tangazo imekwenda.

Sasa bei. 9,000 + 14,000 + 7,000 + 2,000 ni 32,000. Ongeza asilimia 5 ya kasoro (kikapu kimoja katika ishirini kitapinda au kitachuja rangi), ni 1,600. Jumla 33,600. Ukiuza rejareja 45,000 unabaki na 11,400, na hapo bando, bodaboda ya kufuata ngozi na muda wako havijaguswa. Duka la zawadi likitaka punguzo la asilimia 40, bei ya jumla inakuwa 27,000, yaani kila kikapu kinakula 6,600 zako. Kwa bei ya sasa njia ya nne haipo kabisa.

Ili jumla iwezekane, rejareja iwe 70,000. Ukitoa asilimia 40 unauza 42,000 na kubaki na 8,400. Kama wateja wako wa Instagram hawawezi kulipa 70,000 kwa kikapu hicho, usikipunguzie bei. Tengeneza kidogo zaidi kisicho na ngozi wala bitana kwa ajili yao, na hicho kikubwa kiwe cha maduka na cha wageni.

KalibuMoja
Naunga mkono hapo kwenye wasusi. Sita kwa mwezi ni kwa sababu kila mmoja anafanya kila kitu: anachana, anatia rangi, anasuka, anashona, anafunga mishikio. Gawa kazi. Wengi wasuke ukili tu majumbani kwao na ununue kwa pima (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa). Mshonaji mmoja au wawili washone. Mtu mmoja amalizie ngozi na bitana. Kusuka ukili kunaenda na shughuli za nyumbani, kushona kunataka meza na utulivu, ndiyo maana ukivichanganya kazi inalala.

Ila ukinunua ukili kwa pima kutoka mikono kumi, shida itahamia kwenye upana. Mmoja anasuka wa sentimita 4, mwingine 3.5. Kwenye mizunguko kumi tofauti hiyo ni sentimita 5 za kimo, na kikapu kinaegemea upande mmoja. Kata kipande cha plastiki ngumu chenye pengo la sentimita 4, mpe kila msusi chake. Ukili usiopita hapo, au unaocheza ndani yake, haununuliwi. Lipa siku hiyo hiyo ule uliopita, watu watajirekebisha wenyewe haraka.

Na aina ziwe chache: mitindo minne, saizi tatu, rangi tano. Ukiruhusu kila mteja aje na picha yake ya Pinterest, hakuna ukili utakaosukwa kabla ya oda.

MzigoWaNdege
Nizungumzie Etsy na nje kwa jumla, maana hapa watu wanaungua na hawajui walipounguzwa.

Kampuni za usafirishaji wa haraka kwa ndege hazitozi uzito wa mizani peke yake. Zinapima pia uzito wa ujazo: urefu × upana × kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, kisha wanachukua ulio mkubwa. Kikapu kigumu kwenye boksi la 35 × 35 × 35 ni 42,875, gawa kwa 5,000, unapata kilo 8.6. Kwenye mizani hakifiki kilo moja. Mteja anatozwa kilo tisa za hewa!

Linganisha haya:

– Vikapu vitatu vya saizi tofauti vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, boksi la 38 × 38 × 38: karibu kilo 11 kwa vyote vitatu.
– Kikapu laini kinachokunjika, 45 × 35 × 8: kilo 2.5.
– Sinia kumi bapa za kupamba ukutani, 40 × 40 × 12: kilo 3.8, yaani chini ya nusu kilo kila moja.

Kwa hiyo swali la kwanza la soko la nje ni kama bidhaa inalala bapa au inapachikana. Mishikio ya ngozi iwe ya kufungwa kwa skrubu ili mteja aifunge mwenyewe. Kikapu kigumu chenye mfuniko, kiache kiuzwe kwenye maduka ya hapa Dar kama Slipway.

Makato ya Etsy: senti 20 za dola kuweka bidhaa moja kwa miezi minne, kisha asilimia 6.5 ya mauzo, na hiyo inakatwa hata kwenye nauli ya mzigo unayomtoza mteja. Ukiuza dola 45 na nauli 30, wanakata asilimia 6.5 ya 75, ambayo ni dola 4.88. Mteja akija kupitia tangazo walilolirusha wao nje ya Etsy, wanakata tena asilimia 15 ya 75, ni dola 11.25. Maduka ambayo hayajafikisha mauzo ya dola 10,000 kwa mwaka yanaweza kuzima matangazo hayo kwenye mipangilio. Zima siku ya kwanza. Juu ya hapo kuna makato ya kupokea malipo, yanatofautiana kwa nchi.

Na ushuru. Marekani iliondoa msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Umoja wa Ulaya unatoza VAT kuanzia yuro ya kwanza tangu Julai 2021. Andika kwenye maelezo ya bidhaa nani analipa. Mteja akishtukizwa mlangoni anakataa mzigo, na kurudisha kikapu Dar ni ghali kuliko kikapu.

ShupatuDar
Nimeelewa, mkuu. Je, tukitumia akaunti ya ndugu aliye Uingereza?

MzigoWaNdege
Etsy inalipa kwa mfumo wake yenyewe na mfumo huo hauko kila nchi. Tazama orodha ya nchi kabla hujapiga hata picha. Kuazima jina na benki ya ndugu huku wewe ukiendesha duka kutoka hapa, usifanye: siku wakitaka uthibitisho wa utambulisho duka linafungwa na fedha zinakwama. Njia safi ni ndugu awe mnunuzi wako wa jumla. Anachukua vikapu 40 bapa kwa mzigo mmoja, analipia ushuru huko, anauza kwa jina lake na kutuma kutoka huko. Wewe umeshalipwa, na mteja anapata mzigo wake ndani ya siku chache.

Vyondo254
Kutoka huku Nairobi: kwetu PayPal inapokea na kuhamisha pesa kwenda M-Pesa tangu 2018, kwa hivyo wauzaji wengi wa vyondo, vikapu vya kwetu, huanza na wateja wa nje wanaowatumia ankara moja kwa moja, hakuna soko la kati. Inasaidia kwa oda za vipande 20 na zaidi. Kwa kimoja kimoja, makato na kubadilisha dola vinamaliza faida.

Jambo lingine: vitu vya mimea mara nyingine huhitaji cheti cha afya ya mimea. Kwetu kinatolewa na KEPHIS, kwenu na TPHPA. Uliza kwa nchi unayotuma, kabla ya kufunga boksi. Na kama mnafikiria kuongeza vinyago vya mpingo, mti huo umo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017, kwa hivyo vibali vya kusafirisha ni jambo la kuuliza kwanza.

BeiWazi
Mmeiruka Instagram na WhatsApp kana kwamba ni njia ya wanaoanza. Mimi naona oda nyingi zinapotea hapo hapo. Hii "bei njoo inbox" iachwe. Mteja anayeuliza bei saa nne usiku akajibiwa asubuhi, ameshanunua kwingine. Andika bei, kipenyo, kimo na urefu wa mshikio kwa sentimita chini ya kila picha. Picha moja kikapu kiwe begani mwa mtu, maana "kikubwa" cha mmoja ni "kidogo" cha mwingine.

WhatsApp Business ina katalogi, majibu ya haraka na lebo. Weka lebo nne: ameuliza, amelipa nusu, kinashonwa, kimetumwa. Orodha ya matangazo (broadcast) inabeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kwenye kila kifurushi weka kikadi: "Hifadhi namba hii, saizi mpya tunazitangaza hapa."

Malipo yawe kwa Lipa Namba, si namba binafsi ya mtu. Thibitisha kwenye taarifa ya akaunti, usikubali picha ya muamala wala meseji iliyofowadiwa. Kikapu cha kushonwa kwa oda, mteja alipe asilimia 50 kabla ya kuanza. Mzigo wa mkoani: piga picha risiti ya basi, namba ya gari, na boksi likiwa na jina, umtumie mteja kabla basi halijatoka stendi ya Mbezi.

Tovuti? Isubiri. Huduma kama Pesapal inaweza kupokea malipo ya simu na kadi, hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba tovuti haileti watu yenyewe. Ina maana pale utakapokuwa na saizi zilizokaa stoo tayari. Kuuza kitu cha kusubiri wiki mbili, mazungumzo ya WhatsApp yanambembeleza mteja vizuri kuliko kitufe.

HesabuKwanza
Hapo kwenye tovuti tunakubaliana. Kwenye jumla naongeza: usianze na mali kauli, yaani kulipwa baada ya duka kuuza. Duka linaweka kikapu dirishani, jua linakipiga miezi mitatu, rangi inapauka, kisha unarudishiwa. Uza kwa fedha taslimu, hata vikapu kumi tu. Wakishikilia mali kauli, iwe siku 30, orodha iliyosainiwa, na kilichopauka wamekinunua.

KalibuMoja
Na msimu. Watalii wengi Zanzibar ni Juni hadi Oktoba, kwa hiyo maduka yanataka mzigo Mei. Mei ni masika, ukindu haukauki. Ukili wa oda hizo usukwe Januari na Februari, utunzwe ukining'inia juu, mbali na ukuta. Ukisubiri oda ndipo usuke, utafunga vikapu vyenye unyevu na vitafika na ukungu wa kijani kwenye mishono ya chini.

ShupatuDar
Tunafunga kwenye nailoni kwa sababu ya mvua. Ndiyo kosa?

KalibuMoja
Ndiyo. Nailoni inafungia unyevu ndani. Kianike kikapu siku mbili za jua la asubuhi, kikipoa kifunge kwa karatasi ya kaki, weka vipakiti viwili vya silika vya kunyonya unyevu, kisha boksi. Nailoni iwe nje ya boksi, na uivue mzigo ukishaingia kwenye basi au ukifika ghala.

Rangi pia ipimwe kabla ya kushona: kitambaa cheupe chenye maji, sugua ukili mara ishirini. Kikitoka na rangi, suuza tena mpaka maji yawe meupe, kausha kivulini, pima upya. Anza na nyekundu na zambarau.