Je, Yakobo na James ni jina moja? Naomba ufafanuzi

Mwana wa Masaka ameuliza:

Ndugu zangu, salamu kutoka Masaka. Marehemu baba yangu alibatizwa kwa jina la Yakobo. Kadi yake ya ubatizo ninayo hapa mezani: karatasi imegeuka rangi ya chai na kona moja imeliwa na mende, lakini mwandiko wa katekista bado unasomeka vizuri. Alipopelekwa shuleni, mwalimu alimwandika James, na jina hilo ndilo lililobaki katika vyeti vyake na katika hati ya ardhi aliyotuachia. Sasa tunashughulikia mirathi, na afisa mmoja ametuambia kwamba Yakobo ni jina la Kiebrania na James ni la Kiingereza, kwa hiyo mbele yake hao ni watu wawili mpaka tulete hati ya kiapo. Kiapo nitakula, hilo si neno. Kilichoniuma ni kumwona mama yangu, mzee wa miaka mingi, akiambiwa kwamba mume wake alikuwa watu wawili. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama majina haya ni mamoja, na kama ni mamoja, ilikuwaje b ya Yakobo ikawa m ya James.

Mwalimu wa Mukono amejibu:

Pole sana kwa msiba na kwa usumbufu huo, ndugu yangu. Nimefundisha lugha za Biblia kwa muda mrefu, na ninakuhakikishia kwamba ni jina moja. Asili yake ni Kiebrania, Ya'aqov, lenye sauti ya kooni katikati ambayo Wayunani hawakuwa nayo, basi wakaiacha. Walipotafsiri Agano la Kale, mwana wa Isaka walimwandika Iakob bila kumwongezea chochote, lakini watu wa Agano Jipya wenye jina hilohilo waliwapa mwisho wa Kiyunani, wakawa Iakobos. Kilatini kikafuata njia hiyo: Iacob kwa yule wa kale, Iacobus kwa mitume. Hapo ndipo njia zilipoachana. Iacob lilibaki kitabuni na kuwa Jacob ya Waingereza, ilhali Iacobus lilikuwa jina la watu wa kila siku, likatamkwa vinywani mwao kwa karne nyingi, b ikalegea ikawa m, likapatikana Iacomus, na Wafaransa wa zamani wakalikata mwisho wake likawa James, ambalo lilivuka bahari hadi Uingereza.

Ushahidi rahisi wa kumpelekea afisa huyo ni Waraka wa Yakobo. Fungua Biblia ya Kiswahili, kisha fungua ya Kiingereza mahali palepale, naye ataona kwamba mwandishi mmoja anaitwa Yakobo huku na James kule. Tena Mfalme James wa Kwanza, aliyeanza kutawala Uingereza mwaka 1603, jina lake kwenye sarafu liliandikwa kwa Kilatini, Iacobus.

Jirani wa Mbale ameongeza:

Ninaunga mkono maelezo ya Mwalimu. Mimi ninaishi karibu na Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi hapa Uganda iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ambao husali kwa Kiebrania. Linganisha utamkaji wao na wa Waingereza, utaona kwamba wazee wetu waliosema Yakobo, Yohana na Yoshua waliihifadhi ile Y ya mwanzo, wakati j ya Kiingereza ilitokana na matamshi ya Kifaransa. Hata Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 iliandika Iohn na Iames kwa herufi I. Kiswahili kina njia nyingine tena: Musa, Daudi na Hawa yametufikia kupitia Kiarabu, na h ya Hawa ipo pia katika Kiebrania, Hawwa, ingawa Waingereza waliipoteza wakabaki na Eve.

Binti Samwiri ameandika:

Nami nina la kusema kuhusu Luganda. Katika lugha yetu l hugeuka r ikitanguliwa na e au i, ndiyo maana neno la Kiebrania El, yaani Mungu, limejificha katika mwisho wa majina yetu: Danyeri ni "Mungu ni mwamuzi wangu", na Yoweri, ambalo ndilo Joel, ni "Yahu (jina la Mungu wa Israeli) ni Mungu". Baba yangu ni Samwiri, na tangu utotoni nimeambiwa maana yake ni "Mungu amesikia".

Mwalimu wa Mukono amejibu:

Binti yangu, umeeleza vizuri sana, ila hilo la mwisho nalirekebisha. "Mungu anasikia" ni maana ya Ishmaeli. Samweli, kwa umbo lake, lina *shem*, yaani jina, pamoja na El, ingawa Hana, mama yake Samweli, mwenyewe alilieleza kwa kusema kwamba alimwomba mtoto huyo kwa Bwana.

Mwana wa Masaka ameandika:

Nawashukuru kwa moyo wote. Nilimsomea mama majibu yenu jana jioni, naye akaniuliza jambo moja: aliwahi kusikia kanisani kwamba Yakobo maana yake ni mdanganyifu. Je, ni kweli?

Mwalimu wa Mukono amejibu:

Hayo ni maneno ya Esau akiwa na hasira, katika Mwanzo 27, alipochezea jina la ndugu yake kwa sababu linafanana na kitenzi cha kunyang'anya kwa hila. Mwanzo 25 inalihusisha jina hilo na *aqev*, yaani kisigino, kwa kuwa alizaliwa ameshika kisigino cha pacha wake. Lakini majina ya namna hiyo yalikuwapo kwa mataifa jirani ya zamani, mengine yakiwa na El mwishoni, na wanazuoni wengi wanaona kwamba Ya'aqov ni kifupi cha jina lenye maana ya "Mungu na amlinde". Mwambie mama hivyo.