Kwa nini karanga na simsim za akiba hupoteza uotaji mapema kuliko mahindi?

Mkulima wa Soroti:
Wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu kinahifadhi mbegu za kienyeji za simsim, karanga na alizeti. Tunazikausha mpaka kipimo kionyeshe unyevu wa asilimia 10, kisha tunazifunga kwenye mitungi pamoja na mahindi. Mahindi huendelea kuota vizuri, ilhali karanga nyingi huozea ardhini. Mtaalamu wa benki ya mbegu hufanya nini ambacho sisi hatukifanyi?

Mtunza Akiba, Entebbe:
Ndugu, tatizo liko kwenye hiyo asilimia 10. Karibu nusu ya punje ya karanga ni mafuta, na mafuta hayashiki maji, kwa hiyo maji yote hujazana katika sehemu iliyobaki. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 60, mahindi hutulia karibu na asilimia 13 na karanga karibu na 7. Karanga yenye 10, basi, ni mbichi kuliko mahindi yenye 13. Ndiyo maana viwango vya mwaka 2014 vya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huanzia kwenye hewa: mbegu hukaushwa katika chumba cha nyuzi 5 hadi 20 chenye unyevu wa asilimia 10 hadi 25 mpaka zitulie, ndipo zifungwe kwenye pakiti zisizopitisha hewa na kuwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hali yenu, kausheni karanga zikiwa ndani ya maganda, kivulini penye upepo, mzimenye kwa mkono wakati wa kuzifunga, kisha mtie mtungini jeli ya silika, yaani chembe zinazofyonza unyevu. Mashine huchubua ile ngozi nyembamba na kuzipasua punje, na kiinitete, yaani sehemu inayochipua kuwa mche, ambacho kimekaa nchani kabisa, hubaki wazi kwa ukungu.

Mwalimu wa Lira:
Jokofu la nyumbani linafaa? Umeme wetu ni wa kubahatisha.

Mtunza Akiba, Entebbe:
Linafaa, Mwalimu, mradi mbegu zimekwisha kukauka na mtungi umefungwa barabara. Ukiutoa, uache kwanza upate joto la chumba, kwa sababu ukiufungua ungali baridi, maji ya hewani yatatanda juu ya mbegu. Binafsi naogopa mbegu mbichi iliyopozwa kuliko mbegu kavu iliyokatikiwa umeme.

Dada wa Serere:
Niongeze jambo la kupanda upya, kwa maana hakuna mbegu inayodumu milele. Benki hupima uotaji kwa punje 200 au zaidi, na kwa kawaida uotaji ukishuka chini ya asilimia 85 ya ule wa mwanzo, aina hiyo hurudishwa shambani. Karanga hujichavusha zenyewe, hivyo aina mbili zaweza kukaa jirani. Alizeti hutegemea nyuki. Msipofunika vichwa kwa mifuko kabla ya kuchanua na kuvichavusha kwa mkono, mtavuna mchanganyiko wenye jina la zamani. Simsim iko katikati: hujichavusha kwa sehemu kubwa, lakini nyuki huipenda, basi itengeni.

Mkulima wa Soroti:
Nashukuru. Na mbegu za shea, nazo tuzikaushe hivyo hivyo?

Dada wa Serere:
La, zikikauka hufa. Shea huhifadhiwa kama mti shambani.