UZI WA MALALAMIKO: "Bar 15" mnazotuuzia Mombasa si espreso, ni maandishi ya boksi tu

KinuKwanza

Wauzaji wa mashine za kahawa hapa mjini, haya yawahusu nyinyi, na msijifanye hamuyaoni. Kila tangazo ni lile lile: "Espreso ya mkahawani nyumbani kwako, bar 15!" Mwengine akaona 15 hazitoshi, akaandika 20. Mwakani mtaandika 40, boksi halikatazi.

Bar ni kipimo cha presha, na bar 15 ni nguvu ya juu kabisa ya ile pampu ndogo ya kutetemeka, wakati maji hayana pa kutokea. Maji yakianza kupita, presha yashuka. Espreso yataka bar 9 hivi, maji ya nyuzi 90 hadi 96, gramu 18 za kahawa kavu zitoe gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Hizo bar 9 haziletwi na pampu peke yake. Kahawa yenyewe ndiyo yazijenga, ikisagwa laini na kushindiliwa mpaka ikayazuia maji. Ikiwa chengachenga, maji yapita mbio na pampu yako ya bar 15 inakuwa mfereji tu.

Mwalijua hilo, ndiyo maana mashine mwaziuza na chujio la kiini macho. Ligeuzeni mtazame: upande wa ndani matundu tele, upande wa chini tundu moja dogo kama la sindano. Presha yafanywa na tundu hilo. Kinywaji kikifinywa pale chatoka na povu la hudhurungi, mteja asema mashallah, krema! Tieni kahawa ya unga iliyokaa rafuni mwaka mzima, povu litakuja vile vile. Krema ya kweli ni gesi ya kaboni dioksaidi iliyobaki ndani ya kahawa iliyokaangwa karibuni, ikitoka pamoja na mafuta yake.

Chujio hilo lina kazi yake: mtu anunuaye kahawa iliyokwisha kusagwa bila hilo hapati kitu. Basi mwambieni hivyo. Msimwambie ni sawa na ya mkahawani.

Tukija kwa vile vimashine vya mvuke visivyo na pampu, vyenye kijagi cha kioo cha vikombe vinne, hapo ndipo damu yachemka. Vile vyasukuma maji kwa mvuke, maji yafika kwenye kahawa yakiwa moto kupita kiasi, kahawa yaungua. Ndiyo namna ya mashine ya Luigi Bezzera ya mwaka 1901! Krema tunayoijua ilikuja na mashine za mkono za Achille Gaggia, 1948. Watu wauziwa kitu kilichopitwa na wakati kabla ya nyanya zao kuolewa, na boksini pameandikwa "ya kisasa".

Lakini dhambi kubwa ni kinu. Mtu ana elfu 30, mwamuuzia mashine ya elfu 28, kisha kwa elfu 2 iliyobaki mwampa kinu cha masala, kile cha visu viwili. Kile chapasua, hakisagi. Nusu inakuwa vumbi, nusu vipande. Vumbi latoa uchungu, vipande vyatoa ukali wa ndimu, na yote mawili yaingia kikombe kimoja. Kisha mteja aambiwa "utazoea".

Hesabu yangu ni hii, na atakaye kubisha abishe kwa hoja. Una elfu 10? Achana na mashine. Nunua birika la moka. Presha yake ni bar 1 hadi 2, si espreso, lakini ni kahawa nzito ya haki na halimdanganyi mtu. Una elfu 30? Kinu cha mkono chenye meno ya chuma, ambacho kila mlio mmoja wa kurekebisha wasogeza meno mikroni 20 (sehemu 20 za elfu za milimita) au chini, pamoja na mashine ya mkono ya aina ya Flair ndogo. Haitaki stima wala pampu, presha ni mkono wako. Chemsha maji, mimina mara mbili kwenye kile chumba chake cha juu kipate moto, mwaga, ndipo utie maji ya kazi. Una laki na zaidi? Gaggia Classic au mfano wake, chujio la milimita 58, lakini kinu kichukue karibu nusu ya hizo pesa. Nusu!

DukaLaVyombo

Umemaliza kututukana? Sasa sikiliza. Mteja akiingia dukani swali la kwanza ni "bar ngapi?" Ukimwonyesha iliyoandikwa 9 yuwaondoka kwenda duka la pili. Ukimwambia kinu cha mkono peke yake elfu 15, akuita mwizi mbele ya watu. Sisi twaweka kinachotoka.

KinuKwanza

Weka kinachotoka, lakini weka na chujio la sakafu moja, lile la matundu tele hadi chini, kwenye rafu hiyo hiyo. Ni kipande cha bati chenye matundu, bwana duka, hakikufilisi. Na muwe mwajua kipimo. Watu wapewa la 58 kwa mashine ya 51, halafu "bidhaa ikiuzwa hairudi".

FundiBoila

Nyote mwapigana juu ya bar na kinu, na kinachoua mashine Mombasa ni maji. Maji ya kisima cha hapa yana chumvi na chokaa. Chokaa yaganda kwenye boila na kwenye vijitundu, pampu yalia, maji yatoka kidogo kidogo. Chumvi ni mbaya zaidi, kwa sababu yala chuma na haitoki kwa kuchemsha. Ukichemsha, sehemu ya chokaa yaganda kwenye sufuria, chumvi yazidi kukolea. Jagi la kuchujia la mezani nalo haliondoi chumvi. Muuzaji asiyemwambia mteja hili amemuuzia mashine ya miezi.

Tumieni maji ya kuchujwa ya mitungi ya lita 20. Hayo nayo mara nyingi yamebaki bila madini, kahawa yaja butu na yenye ukali, na mashine kubwa zenye kipima maji cha umeme huenda zisiyatambue kabisa. Dawa: yeyusha gramu 1 ya magadi soda, yaani baking soda ya kupikia, isiyo na kitu kingine, katika mililita 100 za maji. Kisha kila lita ya maji ya mashine itie mililita 10 za mchanganyiko huo, yaani miligramu 100 za magadi kwa lita. Haiachi chokaa na ladha yatulia. Msizidishe, kahawa itakuwa kama imetiwa chaki.

Chokaa iliyokwisha ganda: gramu 20 za ndimu ya unga kwa lita moja. Pitisha nusu, zima dakika 15, pitisha iliyobaki, kisha suuza kwa matangi mawili ya maji safi. Boila la alumini usiliache na ndimu usiku kucha. Siki acheni, harufu yake hukaa kwenye mipira ya kuzibia.

La pili, stima. Mashine kutoka Marekani ni volti 120 na hezi 60 (mapigo ya stima kwa sekunde), hapa ni 240 na 50. Ukiichomeka hivi hivi, hita imekwenda. Transfoma ya kushusha yataka iwe ya wati 2,000, na bado haibadilishi hezi: pampu ile yapiga kwa mwendo wa stima, basi kwa hezi 50 yapiga mara chache na maji yapungua. Kutoka Uingereza au Dubai hakuna taabu hiyo. Zile za Ulaya zenye plagi ya pini mbili nene, waya wa ardhi upo ubavuni mwa plagi. Adapta za rahisi hazigusi pale. Mashine ya chuma, yenye maji, bila ardhi, na mkono wako umelowa. Kateni plagi mfunge ya pini tatu.

Kaimati_Moto

Haya, tumesikia. Na aliyekwisha kununua hiyo ya milimita 51 na lile chujio la tundu moja, aitupe baharini? Na ile kahawa iliyosagwa ya Marikiti yafaa?

KinuKwanza

Usitupe, dada. Tafuta chujio la sakafu moja la 51, na mkono, yaani kile kishikio kinachobeba chujio, usio na mdomo ili uone kahawa inavyotoka chini. Kabla ya kulipa hesabu masikio ya mkono wa mashine yako, vile vijino vya kuufungia kwenye mashine: kuna ya mawili na ya matatu, hayaingiliani. Pima gramu 15 kwa mizani ya sonara, ile ya kusoma 0.1. Koroga unga kwa sindano nyembamba uvunje mabonge, gonga kidogo, shindilia sawa bila kuinamisha. Weka sarafu juu, funga mkono, fungua: sarafu ikiwa imezama, umejaza mno, punguza gramu 1. Pitisha maji matupu kwanza mkono upate moto, maana hizi ndogo hupoteza joto upesi.

Sasa washa pampu na saa pamoja. Gramu 30 zikitoka kwa sekunde 12 na kali mdomoni, saga laini zaidi. Zikidondoka kwa sekunde 50 na chungu, legeza. Usibadilishe gramu na kinu kwa pamoja, hutajua kipi kimefanya nini. Ikirusha mishipa kama bomba lililotoboka, maji yamepata njia ya mkato kwenye unga, rudi kwenye sindano. Ukitoka kupiga maziwa mvuke, acha maji yatoke mpaka yaache kufoka, ndipo utie kahawa, au utaiunguza.

Ya Marikiti iache kwenye dele. Imekaangwa mpaka nyeusi kwa ajili ya kuchemshwa, na mara nyingi ina tangawizi au iliki ndani. Haijasagwa kwa kipimo chako, na kinu chako kikionja iliki mara moja, kila kikombe kitanuka Idi. Nunua buni zenye tarehe ya kukaangwa. Nasema ya KUKAANGWA, si ya kuharibika, na hili ni lalamiko jengine: paketi ngapi madukani zina tarehe hiyo? Zipe siku 7 hadi 14 zitulie. Kwa joto hili la pwani, gawa gramu 15 kwa 15 katika vichupa visivyopitisha hewa, weka friza, ukitoa saga papo hapo. Ukifungua kichupa baridi ukakirudisha, unyevu umeshaingia.

DukaLaVyombo

Chujio la 51 la sakafu moja, la masikio mangapi ndilo lauzika zaidi? Nataka kuagiza.

FundiBoila

Masikio ni ya mkono, shekhe, chujio halina masikio. Agiza mikono ya aina zote mbili, na uagize na mipira ya kuzibia. Ukiona mkono wazunguka kupita katikati na maji yavuja pembeni, ule mpira umekauka. Wateja watakuja kuutafuta kabla ya chujio.