Kesi za ubakaji jeshini: kumnyang'anya kamanda faili kunatosha?

Mleta mada:
Wadau, binti wa dada yangu ameapishwa jeshi la Marekani mwezi uliopita, na mama yake hanipi pumzi kwa simu. Swali ni lile lile: huko mtoto wa kike yuko salama? Mimi nilikaa miaka minane upande wa bohari, kambi mbili tofauti, na sijui nimjibu nini. Ndiyo maana nauleta mjadala hapa.

Wengi mnamkumbuka Vanessa Guillén, askari wa miaka 20 aliyeuawa na askari mwenzake ndani ya chumba cha silaha pale Fort Hood, Texas, Aprili 2020. Familia ilisema toka mwanzo kwamba binti alikuwa akisumbuliwa kingono na anaogopa kusema. Jeshi likasita, lakini mwaka uliofuata uchunguzi wake lenyewe ukakiri: kuna mkubwa wake (si yule aliyemuua) alimdhalilisha, habari ikawafikia viongozi wa kikosi, wakaikalia.

Kifo hicho ndicho kilichosukuma sheria ambayo seneta Kirsten Gillibrand alikuwa akiipigania tangu 2013. Kwa makosa yaliyotendeka kuanzia mwisho wa Desemba 2023, kamanda si mwenye uamuzi tena wa nani ashtakiwe kwa ubakaji. Faili linakwenda kwa waendesha mashtaka maalumu, wanaowajibika kwa kiongozi wa kiraia anayesimamia jeshi husika. Kuanzia Januari 2025 udhalilishaji wa kingono nao ukaongezwa.

Nasema haitoshi, na sababu yangu ni Jumatano.

Nilikuwa na mwenzangu, milango yetu ilitazamana. Yalimkuta, akatoa taarifa ya siri. Kwa wasiojua: taarifa ya siri maana yake wakubwa hawaambiwi jina lako na upelelezi haufunguliwi, ila daktari, mshauri na wakili unawapata. Baadaye ukitaka kuifanya ya wazi, ruhusa. Mpango mzuri kwenye karatasi. Sasa, ushauri wake ulikuwa kila Jumatano saa nane mchana, na kwa kuwa ni siri, akisingizia anakwenda kwa daktari wa meno. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tumejipanga mstari, sajini anasoma majina ya wenye miadi, anafika kwake, anasimama. "Wewe tena? Hayo meno hayaishi kung'olewa?" Kikosi kizima kicheko. Jumatano ya nne akaacha kwenda.

Mwendesha mashtaka maalumu angemsaidia nini pale? Hakuwa na kesi. Alikuwa na sajini.

Koplo Mstaafu:
Pole kwa mwenzako, dada, ila naona tunaelekea kubaya. Bunduki ikipotea anaulizwa kamanda. Askari akijinyonga anaulizwa kamanda. Ukimwambia hili moja si lako, naye atakujibu vizuri tu, basi si langu. Nimeshawasikia: "hayo ya wanasheria, peleka huko." Mtu asiyewajibika hajali.

Halafu mtuhumiwa naye ana mama. Kijana mmoja wa kwetu alikaa zaidi ya mwaka mmoja amesimamishwa, hapandi cheo, hahamishwi, na mwisho hakuna shtaka. Nani alimsafisha jina?

Mleta mada:
Koplo, kamanda alikuwa nalo hilo faili miaka na miaka, na kule Fort Hood tuliona alivyolijali. Ila la kijana kusubiri mwaka mzima nakubaliana nawe kabisa. Kuchelewa kunawaumiza wote wawili, na aliyetoa taarifa anasubiri huku analala jengo moja na aliyemfanyia.

Mkazi wa Calgary:
Nyie mnagombania kamanda au mwanasheria wa jeshi. Huku Kanada jaji Louise Arbour alisema mwaka 2022: yatoeni jeshini kabisa, yaende polisi na mahakama za raia. Nilishangilia. Lakini utekelezaji umekuwa wa kuvutana, baadhi ya vikosi vya polisi vilisita kuzipokea kesi zenyewe.

Uingereza nao jaji mstaafu, Shaun Lyons, aliwashauri mwaka 2020 kwamba kesi za ubakaji zinazotokea nchini mwao ziende mahakama za kawaida. Serikali ikakataa. Desemba 2021 binti wa miaka 19, Jaysley Beck, akajiua kambini Larkhill. Miezi michache nyuma alikuwa ameripoti kwamba mkubwa wake kamshika kwa nguvu. Alichopata ni barua ya kuombwa radhi. Barua! Yule bwana alikuja kukiri mahakamani mwaka 2025, akafungwa miezi 6.

Mtu wa Laikipia:
Mnazungumzia Waingereza na hamtaji Nanyuki, mji wa Kenya wanakofanyia mazoezi wanajeshi wao?

Mleta mada:
Agnes Wanjiru, yule binti aliyeuawa Nanyuki mwaka 2012 na anayetuhumiwa ni askari wa Uingereza, anastahili mjadala wake mwenyewe, ndugu yangu, si mstari mmoja humu. Ufungue, nitakuja.

Msomaji tu:
Huwa nasoma tu, siandiki. Mmesema binti, binti, binti. Makadirio ya jeshi la Marekani kwa mwaka 2023 yalikuwa askari karibu 29,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono, na karibu nusu yao ni wanaume, kwa kuwa wanaume ndio wengi jeshini. Walioripoti ni kama mmoja kati ya wanne.

Mimi nimo katika wale watatu. Ni muda mrefu, nilishatoka jeshini. Nauliza tu: hospitali za wastaafu wanataka karatasi ya kuonyesha uliripoti?

Koplo Mstaafu:
Kaka. Samahani kwa maneno yangu ya juu.

Mleta mada:
Hawataki karatasi, wala ushahidi, na matibabu yanayotokana na hilo hulipi. Ukifika usijieleze mapokezi mbele ya watu. Sema tu unamtaka mratibu wa MST (ndivyo wanavyofupisha ukatili wa kingono uliokupata ukiwa jeshini), kila kituo kinaye. Una haki ya kuomba uhudumiwe na mwanamume au mwanamke, upendavyo. Na siku ya miadi unaichagua mwenyewe, hakuna wa kukusoma jina asubuhi.

Msomaji tu:
Asante dada. Alhamisi, basi.