Wenye magari ya umeme Mwanza: gari likigoma kufunguka au kuunganika na simu mnafanyaje? Tupeane uzoefu

Wa Pasiansi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Magari ya umeme yameanza kuonekana hapa mjini kwetu, ya mtumba kutoka Japani na mapya ya Kichina. Mafundi wanaoyajua bado wachache, na ukikwama Nyegezi usiku huna wa kumpigia. Naomba uzi huu tuuache kwa jambo moja tu, la ufunguo wa rimoti na mawasiliano. Gari limegoma kufunguka, limegoma kuutambua ufunguo, simu hailioni. Eleza ilivyokuwa, ulichokuta na kilichosaidia. Ubishi wa umeme na petroli una nyuzi zake, tusiulete hapa.

Naanza mimi. Langu ni la Kijapani, mtumba. Niliegesha nyumbani, tukapanda meli kwenda Bukoba kwenye msiba. Narudi, nabonyeza rimoti, kimya. Taa haziwaki, vioo vya pembeni havijikunjui. Betri kubwa niliiacha ina chaji ya kutosha, kwa hiyo jirani akaniambia moja kwa moja, "Hiyo rimoti imekufa." Nikaweka kibetri kipya, ile ya kidonge iliyoandikwa CR2032. Kimya vilevile.

Ubavuni mwa rimoti kuna kitufe kidogo. Ukikisukuma, unavuta kutoka ndani yake kifunguo cha chuma, chembamba, hakina hata mapambo. Hicho kikaingia kwenye kitasa cha mlango wa dereva na mlango ukafunguka. Ndani giza totoro, kitufe cha kuwashia hakijibu. Nikavuta mkono wa boneti, fundi umeme akaweka testa kwenye betri ndogo ya volti 12, ikasoma 9 na ushee. Kumbe kamera ya dashibodi ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye betri, inakula umeme usiku na mchana. Fundi akaibusti kwa betri aliyokuja nayo, dashibodi ikawaka, neno READY likatokea, na kutoka hapo gari likaanza kuichaji betri ndogo lenyewe.

Nataka kila mwenye gari hizi alijue hili kabla hajamlipa mtu: ile betri kubwa haikufungulii mlango. Kitasa, kompyuta na kipokeo cha rimoti vyote vinakula kwenye betri ndogo. Hata swichi nzito zinazoiunganisha betri kubwa na gari zinavutwa na umeme wa ile ndogo. Unaweza kuwa na chaji ya kukufikisha Magu na kurudi, na bado umesimama nje ya gari lako.

Fundi Buzuruga

Umesema kweli mkuu. Wengi wanaoniita wanaanza na neno "programu imeharibika", na mimi naanza na testa. Betri ya risasi iliyotulia, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, ikiwa nzima na imejaa inasoma karibu volti 12.6. Ikishuka chini ya 12, hiyo imekwisha chaji, na gari litaanza vituko: mlango mmoja unafunguka mwingine unagoma, taa za onyo zinawaka zote kama mti wa Krismasi, kioo cha dashibodi kinajizima. Mtu anadhani kompyuta zote zimekufa. Ukiweka betri nzuri, yote yanapotea.

Kabla ya kununua betri mpya, shika vichwa vya betri kwa mkono ujaribu kuvizungusha. Kikicheza, kaza. Barabara zetu za mawe za kupanda vilimani zinalegeza. Ukiona unga mweupe au wa kijani, safisha kwa maji ya moto na magadi, kausha, kaza tena.

Sasa rimoti. Watu wanadhani ni ufunguo unaosema na gari peke yake. Ukiwa nayo mfukoni na kugusa kitasa, gari ndilo linaloanza kuita, kwa mawimbi ya chini, kwa kawaida kilohezi 125, yanayofika kama mita moja hivi. Ufunguo ukisikia, unajibu kwa mawimbi mengine ya juu. Ya Japani mengi hujibu kwa megahezi 315, ya Ulaya 433. Kwa hiyo mtu akikuuzia rimoti "inafanana kabisa", muulize masafa yake kwanza. Umbo linaweza kufanana na mawimbi yasifanane, na hapo hakuna fundi atakayeliambia gari likuelewe.

Na mawili ya usalama, nayasema kwa msisitizo. Nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse, zina mamia ya volti. Na gari lako la umeme unaweza kulibusti kwenye ile betri ndogo, lakini usikubali litumike kubusti Fuso la mwenzio. Vitabu vingi vya magari haya vinakataza.

Mama Dagaa, Mwaloni

Mimi sijui volti, naeleza yaliyonikuta. Gari lilikuwa likinifungulia vizuri nyumbani Kirumba, nikifika sokoni Mwaloni, wakati wa kuondoka linaandika kwenye kioo kwamba ufunguo haupo. Ufunguo ninao! Kijana wangu akasema ni minara ya simu. Nikarudi nyumbani, linafunguka. Kesho tena vilevile.

Tukaja kugundua kwamba sokoni huwa naweka ufunguo ndani ya kikopo cha bati ninachowekea chenji, pamoja na simu yangu ndogo. Nyumbani nautoa kwanza ndipo nahesabu hela. Siku niliyouning'iniza shingoni kwa kamba, hakikuandika kitu. Tangu hapo unakaa shingoni, hela zinakaa kwenye kikopo.

Fundi Buzuruga

Mama, shikamoo. Hapo umepatia. Bati linazuia mawimbi, na simu ikibanana na ufunguo inauvuruga. Kijana naye hakukosea sana, vitabu vya magari vinataja pia minara ya redio na televisheni na vituo vya umeme. Ila anza na kilicho karibu na ufunguo, ndipo uende kwenye mnara.

Na ikitokea kibetri cha rimoti kimekwisha kweli, fungua kwa kile cha chuma, kaa, kanyaga breki, kisha gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia. Magari mengi ya Kijapani yanausoma hivyo hata kama kibetri hakina kitu. Mengine yana sehemu yake maalumu, karibu na kishikio cha kikombe au ndani ya kisanduku cha katikati. Itafute leo ukiwa nyumbani, usingoje mvua.

Mwana Igoma

Hicho kikopo cha mama kina faida nyingine. Kuna wezi wanaotumia vifaa viwili, mmoja karibu na gari na mwingine karibu na nyumba ulimolala, wanarefusha yale mawimbi mpaka gari linadhani ufunguo uko mlangoni. Usiku ufunguo wangu unalala kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko. Lijaribu kwanza: weka ufunguo ndani, funika, liweke jirani na kitasa. Gari likifunguka, tafuta kopo lingine.

Safari ya Sengerema

Langu la Kichina, jipya. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 navuka mara kwa mara, sipangi foleni ya kivuko tena. Nilifika kijijini ndani ya Sengerema, nikaegesha, natoka kwa mwenyeji wangu nafungua kwa programu ya simu, inazunguka tu. Pale mtandao ulikuwa wa kubahatisha.

Nilichojifunza ni kwamba programu ile ina njia mbili tofauti. Amri ya intaneti inatoka kwenye simu, inakwenda kwenye seva (kompyuta za kampuni ya gari), inarudi kwenye gari kupitia laini iliyomo ndani ya gari. Simu ikikosa mtandao, au gari likikosa, hakuna kitu. Ufunguo wa Bluetooth unatoka kwenye simu kwenda kwenye gari moja kwa moja, hauhitaji bando. Kwangu Bluetooth ilikuwa imezimwa na simu yenyewe kwa ajili ya kubana chaji. Niliporuhusu programu ifanye kazi chinichini bila kuzimwa, tatizo likaisha.

Siku ile lakini kilichoniokoa ni kadi ya kufungulia gari. Unaigusisha kwenye kioo cha pembeni upande wa dereva, mlango unafunguka. Haina betri, haihitaji mtandao. Usiiache ndani ya gari, ndugu zangu, ikae kwenye pochi.

Kapripointi

Wadau, mimi la Kijapani la mwaka 2014. Nimepakua programu yake, inakataa kuliona gari. Kuna mtu mjini anataka hela "aliamshe" kwa laini ya hapa. Nimpe?

Wa Pasiansi

Usimpe mkuu. Kifaa cha mawasiliano kwenye magari ya miaka hiyo kilijengwa kwa mitandao ya zamani ya kwao, na seva ni za huko. Kwao penyewe mitandao hiyo imekuwa ikizimwa: kampuni ya simu ya KDDI ilifunga 3G Machi 2022, na SoftBank Januari 2024. Uingereza nako, Aprili 2024, Nissan ilisitisha programu ya simu kwa magari yake ya umeme ya Leaf yaliyotengenezwa mpaka 2016, na wenye magari walilalamika sana. Laini ya hapa haitafufua huduma iliyozimwa.

Nunua adapta ya OBD ya Bluetooth, kile kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari. Inachomekwa chini ya usukani, na kama ni Leaf unatumia programu ya LeafSpy. Utaona afya ya betri kubwa seli kwa seli, na volti za ile ndogo pia. Hiyo ndiyo inayonipa amani mimi.

Mwana Igoma

Kwa wanaouliza kwa nini redio ya gari la Japani haishiki stesheni zetu nyingi: si ubovu. Redio za Japani zinaanzia megahezi 76 na kuishia 90 au 95, za kwetu zinakwenda mpaka 108. Fundi redio anafunga kifaa cha kuongeza bendi, unasikia nyingi zaidi. Na kama Bluetooth ya muziki inagoma kuunganisha simu mpya, futa simu za zamani, orodha huwa inajaa.

Kapripointi

Shukrani wakuu. Nimepima kama Fundi alivyosema, asubuhi kabla ya kuwasha: 11.8. Nabadilisha. Ninunue ipi?

Fundi Buzuruga

Soma iliyoandikwa juu ya ile iliyomo, kwa mfano 46B24L. Nambari baada ya B ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, ni upande wa vichwa. Ukikosea herufi, waya hazitafika, na ukizilazimisha utageuza chanya na hasi. Nenda dukani na picha yake kwenye simu. Na kabla hujafungua vichwa, zima gari kabisa, chomoa chaja, shusha kioo cha dereva, na ufunguo wa chuma uwe mfukoni mwako, si kwenye kiti.