MREJESHO: Risiva iliyokuwa inakata fyuzi imepona

Wakuu, niliuliza kuhusu risiva yangu ya muziki iliyokuwa inakata fyuzi kila nikiiwasha. Tatizo limepatikana. Kioo cha fyuzi kilikuwa cheusi tii kwa ndani, dalili ya shoti kali. Nikapima dayodi za pawa (vipitishi vya umeme upande mmoja tu): moja ilisoma karibu sifuri pande zote mbili, yaani imepiga shoti. Nimeibadilisha.

Pia mimi nilikosea: niliweka fyuzi ya F5A (ya haraka, ampea 5) wakati bodi imeandikwa T5A 250V (ya kuchelewa). T huvumilia mkupuo wa umeme unaovutwa na transfoma wakati wa kuwasha, F hukatika upesi.

Kabla ya kuiwasha moja kwa moja niliunga balbu ya waya ya wati 100 kwa mfululizo na risiva, iliwaka ghafla, ikafifia, maana yake shoti haipo tena. Nikashusha pumzi!

Leo siku ya nne inapiga vizuri. Mkuu uliyenikataza kuweka fyuzi kubwa ya ampea 10, Mungu akubariki sana.